Alama Nilizomfundisha Naserian

Jumatatu, 4 Agosti

Vumbi, jua, madaftari ya hesabu sijayagusa. Kipindi cha tatu nimerekodi video nyingine, ya kutoa kwa kukopa. Kishikwambi nimekiegemeza kwenye ndoo ya kunawia. Darasa la nne zima wanapiga kelele, na dawati la mbele kabisa yuko Naserian, mwanafunzi wangu pekee asiyesikia, macho hayabanduki kwenye vidole vyangu.

Lugha ya alama nilijifunza mwenyewe mtandaoni, kwa Wazungu fulani wenye video safi, wanaoonyesha taratibu. Hakuna aliyenituma. Shule iliitwa jumuishi, akaletwa mtoto kiziwi, mwalimu wake hakuletwa. Nikajiongeza. Sasa Naserian anaandika jina lake hewani kwa mikono yote miwili, herufi kwa herufi. Mama yake, anayeuza maziwa sokoni, siku alipoona alijifunika uso kwa shuka akalia.

Video nimeituma kwenye grupu la walimu wa elimu jumuishi. Makofi mpaka jioni. Mwalimu Eliona wa Shighatini ameandika kwamba anamfundisha mwanafunzi wake mmoja kiziwi kwa video zangu zote. Nimeusoma ujumbe wake mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Jumatano, 6 Agosti

Ujumbe wa pembeni, nje ya grupu. Mwalimu Halima. Anafundisha kitengo cha viziwi nje ya wilaya yetu, na yeye mwenyewe ni kiziwi. Ameuliza: "Mwalimu Nakunda, hizi alama umezitoa wapi? Nimewaonyesha wanafunzi wangu, hawakuelewa."

Nimekasirika. Kijicho tu, nimesema moyoni. Wao wana kitengo, vitabu, mabweni, mimi nina ndoo na kishikwambi, bado ananichokonoa. Sijajibu. Anaona kwamba nimesoma.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda nyumbani Usangi kwa mapumziko ya Nane Nane. Baridi, migomba, mama anauliza habari za mchumba. Mtandao huku juu unashika vizuri. Asubuhi baada ya chai nimekaa barazani nikatafuta Lugha ya Alama ya Tanzania. Nilitaka tu kupata cha kumjibu yule Halima.

Ipo. Kamusi ipo, video zipo. Herufi zinaandikwa kwa mkono mmoja.

Mkono mmoja.

Na alama nyingine nazo, nyingi si zile zangu. Nilichomfundisha Naserian ni lugha ya viziwi wa nchi nyingine. Lugha nzima, ina wenyewe, ila wenyewe hawaishi Same. Tangu mtoto aje darasani kwangu sikuwahi kuongeza neno "Tanzania" nilipokuwa natafuta. Mimi niliyezaliwa kwenye milima ambako ukivuka bonde umetoka kwenye lugha ya Kigweno umeingia kwenye lugha ya Chasu, niliamini kwamba viziwi wa dunia nzima wanaongea lugha moja. Mjinga. Mjinga mwenye cheti.

Chakula cha mchana nimekirudisha jikoni. Mama anadhani nina malaria.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi Same na sijamwambia mtu.

Mwalimu Mkuu ametangaza kwa furaha kwamba Alhamisi Naserian atapimwa kwa video. Kitengo cha viziwi kina nafasi za bweni kwa mwaka ujao, na akifaulu atasoma huko, na viziwi wenzake. Atakayempima ni Mwalimu Halima. Walimu wamenipigia makofi ofisini. Nimetabasamu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila mtu alikuwa ananitazama, nikatabasamu.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimefanya kitu kibaya.

Nilijidanganya kwamba herufi za mkono mmoja zitamkaa Naserian kabla ya Alhamisi. Tulibaki darasani baada ya wenzake kutoka. Nikionyesha kwa mkono mmoja, yeye anajibu kwa miwili. Namkatalia, ananitazama, anarudia vilevile, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nikaushika mkono wake wa kushoto nikaukandamiza juu ya dawati. Nikaendelea kuukandamiza huku nikimwonyesha kwa mkono wangu mwingine.

Hakulia. Alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu. Nilipomwachia aliuweka mkono ule chini ya paja.

Nimeona aibu hata kuandika hapa, ambapo hakuna anayesoma.

Alhamisi, 14 Agosti

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu, mimi, mama yake Naserian kwenye kiti cha wageni, mtoto mbele ya kishikwambi. Mwalimu Halima akatokea kwenye kioo, mtu mzima kuliko nilivyomdhania, ana mtandio wa bluu na uso wa upole. Nilitaka awe mkali.

Alimuuliza jina. Naserian hakutambua swali. Akauliza tena, polepole. Naserian akanigeukia mimi. Halafu akainua mkono mmoja, akaushusha, akainua yote miwili, akaanza kuandika herufi, akakumbuka nilivyomshika, akaacha katikati. Maswali yaliyofuata aliyajibu yote kwa kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwalimu Halima alisubiri kila mara. Mwisho alinitazama mimi, si mtoto. Mtandao haukukatika hata kidogo. Niliomba ukatike.

Majibu yamekuja kwa maandishi kabla ya saa ya kutoka. Mtoto hana lugha ya alama ya kumwezesha kufuata masomo ya kitengo. Nafasi hapewi kwa sasa.

Mama yake hakuelewa, akaniuliza mimi. Mdomo wangu ukasema: "Alipata woga, mama."

Nimemsingizia mtoto. Mbele yake, kwa sababu nilijua hasikii.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Naserian amenifuata mpaka getini na galoni lake la maziwa. Nikajua nimegundulika. Karibu nifurahi.

Hapana. Amekuja kuomba radhi. "Mwalimu, utusamehe. Umehangaika na mtoto, halafu amekutia aibu mbele ya wakubwa." Amesema baba yake Naserian ameamua mtoto asirudi shule. Atakaa nyumbani na mbuzi, mbuzi hawahitaji maneno. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayenipunguzia mzigo. Akanimiminia maziwa kwenye chupa yangu ya maji, akakataa katakata kulipwa.

Nimeyapokea. Nikaingia chooni nikalia, nikanawa, nikaenda kufundisha hesabu. Dawati la mbele lilikuwa na mtoto mwingine tayari. Wameshasogea.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Uso wa kuimbia sina.

Kwanza nimemwandikia Mwalimu Halima. Nimemweleza yote: video za Wazungu, mikono miwili, mkono niliokandamiza, uongo kwa mama. Nimemwambia mtoto hajashindwa. Alifundishwa vibaya akajifunza vizuri, na nafasi ile ni haki yake. Kisha nimeandika kwenye grupu kwamba walimu wote waache kutumia video zangu, na kwa nini.

Watu waliokuwa wepesi wa makofi wote wamekuwa na shughuli.

Mwalimu Eliona peke yake ndiye aliyepiga simu. Hakunitukana. Amesema mwanafunzi wake kule Shighatini alikuwa ameshaanza kuwafundisha wadogo zake alama zangu, sasa yeye atawaambia nini watu wa nyumba ile. Amekata simu bila kuaga, naye ni mtu wa kuaga mara tatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeitwa ofisini. Mwalimu Mkuu: "Mambo mengine, mwalimu, huzungumzwa humu ndani." Shule imeaibika, amesema. Nimemwambia aliyeaibika ni mimi, aliyeumia ni Naserian, shule ni paa tu. Sijui ujasiri ule umetoka wapi. Umenijia kwa kuchelewa, hauna faida kubwa.

Mwalimu Halima amejibu. Mistari michache. Atampima upya mwisho wa muhula, na mpaka hapo atamfundisha kwa video kila Alhamisi, kwa masharti mawili: mtoto arudi shule, na mimi nikae naye nijifunze. Mstari wa mwisho: "Nilikuuliza mapema." Basi.

Jumatano, 20 Agosti

Nimechukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu hadi bomani kwao. Baba yake alikuwa anamnywesha ndama dawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikasema nikiwa nimesimama, hakuna aliyenipa kigoda na sikustahili. Nilichofundisha hakikuwa cha kwetu. Mtoto hakupata woga. Nilidanganya.

Baba akaniuliza kama serikali inalipa watu kufundisha vitu wasivyovijua. Nikasema inalipa. Akacheka, kicheko kibaya, akarudi kwa ndama wake. Alipomaliza kumnywesha akasema arudi, mpaka huo mtihani wa pili. Akishindwa tena, basi, na mimi nisikanyage pale.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye miiba ya ua ndipo akauliza:

"Kwa hiyo mtoto wangu hakukosea?"

"Hakukosea, mama."

"Basi kamwambie yeye."

Naserian alikuwa kule nyuma ya mbuzi, anatutazama. Nilimwendea. Nikasimama mbele yake, mikono inaning'inia. Zile alama zangu nimeona aibu kuzitumia, na nyingine sina. Nimejigonga kifua, kwamba kosa ni langu, na kutikisa kichwa, mara kadhaa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikajua hajui amekubali nini.

Alhamisi, 28 Agosti

Upepo kidogo leo. Darasa limefagiliwa, wenzake wametoka.

Tumekaa dawati moja mimi na Naserian, mbele ya kishikwambi, magoti yangu hayaingii chini ya meza. Mwalimu Halima hanisemeshi sana. Anamsemesha mtoto. Mimi nafuata, nachelewa, vidole vizito. Naserian anashika upesi. Mkono wa kushoto bado anauficha, Mwalimu Halima anamwonyesha autoe, kuna alama zinazouhitaji. Ameutoa mwishoni mwishoni.

Hakuanza na herufi. Wala na jina. Alama ya kwanza aliyotufundisha kikamilifu, akairudia mpaka akaridhika, ni ya "sijaelewa". Amesema kwa maandishi kwamba kila mtoto anayeanza kwake huanza na hiyo.

Naserian aliifanya mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili vizuri. Akaitazama mikono yake. Halafu akanigeukia mimi, hakuwa ameulizwa kitu, akaifanya. Akaifanya tena. Sijaelewa. Sijaelewa. Sijaelewa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayenihesabia masomo yote tuliyopitia pamoja, moja moja.

Muda wote niliokuwa naye sikumfundisha hiyo. Nilimfundisha rangi, wanyama, siku za wiki.

Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha tukaendelea na somo.