Siku Nilipotafsiri Uongo Wako

Mdogo wangu Idi,

Onyo la mvua limetoka tena. Limeingia kwenye simu adhuhuri hii nikiwa nakunja nguo, na tangu hapo sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda dirishani mara nne kutazama mawingu ambayo bado yako mbali, upande wa Al Rayyan. Atieno, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja hapa Fereej Bin Mahmoud, Doha, ananiambia, "Wee Zuhura, utatoboa floor ya wenyewe. Si ukae chini?" Nimekaa, ndiyo hivi nakuandikia. Barua hii nitaiweka kwenye lile kundi letu la simu, ambamo nawe bado umo, wasome wote, kwa sababu nilichokutendea nilikianzia humo humo, mbele ya watu.

Unalikumbuka jembe lako la Muheza? Kila mwaka kabla ya masika, wewe ndiye uliyekuwa ukichimba mfereji kuzunguka nyumba. Hukuanza kuchimba hivi hivi. Ulikuwa ukimwaga kopo la maji ukutani, unachuchumaa, unayafuata kwa macho hadi yanapokomea, ndipo unachora mstari kwa kisigino. Mimi nilikuita Bwana Mfereji, nikakucheka mpaka Mama akanifukuza na mwiko. Lakini maji hayakuwahi kuingia ndani, hata ule mwaka wa jirani zetu kuamkia vitandani na vyungu vinaelea.

Ulipofika Doha kwa visa ya udereva niliyokuombea kwa Baba Jasim, Mwarabu niliyemlelea watoto, nilikuja kukupokea uwanja wa ndege nimejiandaa kukuonyesha maghorofa. Wageni wote hutazama juu. Wewe ulitazama chini. Tulikuwa hatujafika hata nyumbani ukaniuliza, "Dada, hapa maji ya mvua yanakwenda wapi? Mbona sioni mitaro?" Nikakujibu, "Mvua gani, Idi? Umekuja jangwani." Nilicheka, nikaenda kumhadithia kila mtu kazini kwamba mdogo wangu kaja kuchimba mitaro Uarabuni.

Ile miaka yote Doha ilitufanya tujione mabingwa wa mvua. Unakumbuka wenyeji walivyokuwa wakiipokea? Matone kumi yakidondoka, mtaa mzima unapongezana, "Mabruk alaykum al-matar," hongereni kwa mvua, kana kwamba kazaliwa mtoto. Familia zinajipakia garini, watoto vichwa nje, wanazunguka tu kuitazama. Shule zinafungwa. Dukani pale Al Mansoura foleni ya mikate na maji ya chupa inafika mlangoni, na yule Mmisri wa ghorofa ya chini anaziba madirisha kwa karatasi za gundi. Na sisi tunacheka. Watu wa Tanga, watu wa Pemba, watu wa Kakamega, wote tunacheka. Mtu anapiga picha kikombe chenye maji nusu, anaandika: "Mafuriko haya hapa, tuombeeni."

Na mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji mkuu. Miaka sita ya kulea watoto wa Baba Jasim ilinipa Kiarabu, kwa hiyo onyo lolote likitoka, kundi lilikuwa linanisubiri mimi nilisome kwa Kiswahili. Nilikuwa narekodi sauti yangu, natafsiri, halafu natia chumvi. Watu walikuwa wanasikiliza kwa ajili ya ile chumvi. Wengine wananiomba, "Dada Zuhura, leo hujatuvunja mbavu." Nilipenda sana kuombwa hivyo, sitaficha.

Siku ile onyo lilikuwa refu kuliko yote. Dhoruba ya baridi, upepo, radi, mvua ya mawe, watu wasitoke, magari yasipite kwenye barabara za chini, zile za chini ya madaraja. Niliyasoma yote hayo vizuri. Kisha nikaongeza: "Tafsiri yake kwa watu wa Muheza: manyunyu. Mkimwona mwanamume wa kwetu kajifungia ndani leo, mpelekeeni kanga ajifunge." Vicheko vikamiminika. Watu zaidi ya mia walisikia, Idi, na kila mmoja alijua kuwa mwanamume wa Muheza kwenye lile kundi ni wewe.

Kilichofuata hawakukisikia. Zamu yangu hotelini, nilikohamia baada ya kazi ya ulezi, ilikwisha mapema, basi la wafanyakazi lilichelewa, na mimi sikutaka kusubiri. Nilikupigia uje unichukue. Ukaniambia Baba Jasim kasema gari lisitoke. Kisha ukauliza kwa ile sauti yako ya chini, "Dada, nitoke nisitoke? Nimetazama hapa nje, maji hayana pa kwenda." Ulikuwa umekwisha kuyafuata kwa macho. Bila shaka ulikuwa umechuchumaa getini kama zamani. Mimi nikakujibu, "Toka bwana, unichukue. Au nikuletee ile kanga?"

Ukatoka.

Nilikuwa bado nakusubiri hotelini, na Atieno, tunayefanya kazi pamoja, ndiye aliyenionyesha video. "Cheki huyu msee," akasema, "amekwama pale chini kwa underpass, amepanda gari juu ameshika viatu!" Gari jeupe, maji yamefika madirishani, na juu ya paa mtu amesimama na viatu mkononi, kama tulivyofundishwa kuvivua kabla ya kuvuka mto. Ilikuwa imeshaingia kwenye kundi. Niliweka kicheko na mimi. Nimekiweka, ndipo nikalitambua shati la mistari nililokununulia sikukuu ya Idi el Fitri. Nilikaa chini pale pale koridoni, nikapiga namba yako mara sijui ngapi, ikawa haipatikani. Nilidhani nimekuua. Ulipokuja kupiga kwa simu ya mtu ukasema, "Niko salama Dada, wamenitoa," nililia mpaka Atieno akanishika mabega. Na hata hapo, kile kicheko changu sikukifuta. Niliogopa watu wangeuliza kwa nini.

Asubuhi yake Baba Jasim akaniita nyumbani kwake Al Rayyan nije kuwa mkalimani wako, maana Kiarabu chako kilikuwa cha kulia na kushoto tu. Nje ya geti maji yalikuwa bado yamesimama, na watoto wa jirani wanayaendea kwa miguu mitupu wakipiga kelele za furaha. Tuliketi ndani ya majlisi, sebule yake ya wageni. Baba Jasim hakuwa amekasirika kama nilivyotegemea. Alimimina chai, akatupa kila mtu kikombe chake, halafu akaniambia, "Muulize ndugu yako. Nilisema gari lisitoke. Nani alimwambia atoke?"

Nikakutafsiria. Ulinitazama, Idi. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama ulivyokuwa ukimtazama Mama anapokaribia kujua nani kavunja mtungi. Ukasema, "Mwambie hakuna aliyeniambia. Nilijiamulia mwenyewe, nilitaka kuiona mvua."

Na mimi nikayatafsiri maneno hayo. Mtia chumvi wa kila siku, siku hiyo sikuongeza neno wala kupunguza. Nilimwambia Baba Jasim kwa Kiarabu safi kwamba hakuna aliyekuambia, ulijiamulia mwenyewe, ulitaka kuiona mvua. Aliinamisha kichwa, akamaliza chai yake. Kabla ya wiki mbili ukawa umepanda ndege. Uwanjani ulinibebea hata mkoba wangu mpaka mlangoni, wewe msafiri. Ulisema, "Usimwambie Mama habari za gari. Mwambie mkataba umekwisha." Nikamwambia hivyo. Hiyo nayo niliifikisha vizuri.

Najua kilichofuata huko. Najua ukoo wa mchumba wako Mwajuma ulingoja, ukachoka, ukamwoza kwingine. Najua nyumba uliyokuwa ukiijenga imebaki na kuta bila bati. Wewe hukuniambia hata moja, nilisikia kwa Mama. Zamani ulikuwa unanipigia tunaongea mpaka simu inapata moto sikioni, unanieleza hata kuku gani katamia wapi. Sasa nikikuandikia unanijibu neno moja: Salama. Sikukuu, Salama. Mama anaumwa, Salama. Nimeanza kuliogopa hilo neno.

Nilijiliwaza kwa njia moja tu. Nilijiambia umerudishwa kwa sababu ya gari. Gari liliharibika, na mwenye gari kokote duniani angefanya vile vile. Hata ningesema ukweli, isingebadilisha kitu. Maneno hayo nimejirudia kwa miaka mitatu nikiwa natandika vitanda vya watu.

Leo onyo lilipotoka, kundi likanisubiri kama kawaida. Mtu mmoja akaandika, "Mama wa chumvi, tupe vitu!" Niliendelea kukunja nguo. Kisha Mama Faridi, yule Mgunya anayepikia watu kule Al Mansoura na ambaye huenda kazini kwa miguu, akatuma sauti: "Zuhura mwanangu, mimi nina zamu ya jioni. Nitoke nisitoke?" Yalikuwa maneno yako yale yale. Simu ilinidondoka juu ya nguo. Nilimjibu, "Usitoke, mama yangu. Wapigie waambie Zuhura kakukataza, nitaongea nao mwenyewe." Halafu mikono yangu ikawa haina kazi. Nikatafuta namba ya Baba Jasim kabla sijapata muda wa kujikataza.

Aliipokea haraka. Nikamwamkia, nikawaulizia watoto, nikamuulizia mama yake. Kisha nikamwambia yote, kanga, basi lililochelewa, simu niliyokupigia. Nilikuwa nimesimama, naongea nikizunguka chumba, na Atieno ameacha kupaka kucha ananitazama bila kuelewa Kiarabu. Nilipomaliza nikasema, "Nisamehe kwa gari lako, Baba."

Akasema, "Sayyara hadid." Gari ni chuma tu, Idi. Ndivyo alivyosema. "Gari nililisahau mwezi ule ule. Mimi nilimuuliza yeye, naye akakutazama wewe. Nikajua. Nikangoja useme."

Nikamuuliza kwa nini basi alikurudisha. Akasema wewe ndiye uliyekuwa ukiwapeleka watoto wake shule kila siku, na mtu akimdanganya machoni hawezi kumkabidhi watoto, hata kama anadanganya kwa wema.

Nikamuuliza, "Na ningesema?"

"Angekuwa hapa mpaka leo," akasema. "Na wewe nisingekufanya kitu, Zuhura. Umewalea wanangu." Kisha akaniombea heri, akanikumbusha nisitoke kwa sababu ya mvua, akakata.

Atieno aliniuliza, "Kwani amesema nini?" Na mimi, mkalimani wa watu wote, sikuweza kumtafsiria.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mdogo wangu. Hukurudishwa kwa gari. Ulirudishwa kwa uongo uliosema ili kunificha mimi, na ukawekwa kwenye mizani kwa mdomo wangu mimi. Ulikuwa na sentensi moja tu ya kuokolewa nayo na ilikuwa kinywani mwangu, nami nikakaa nayo nikinywa chai. Nakueleza haya nikijua yatakuumiza zaidi ya ulivyokuwa umeumia. Nimewaza nisikuambie. Nimekwenda dirishani tena, nikarudi. Lakini hiyo ingekuwa mara nyingine tena mimi kuchagua lipi likufikie na lipi lisikufikie.

Na ninyi mnaosoma hapa kundini: yule mtu wa kwenye video mliyemcheka, mwenye viatu mkononi, ni Idi wa Muheza, na hakuwa mjinga. Yeye peke yake kati yetu ndiye aliyeangalia chini akaona mji hauna pa kumwagia maji. Aliyemtoa nje ni mimi. Kile kicheko changu kipo hapo juu, tafuteni, kina jina langu.

Onyo la leo nimeshalirekodi. Limechukua muda mfupi kuliko yote niliyowahi kurekodi. Nimesema: mvua kubwa, upepo na radi kuanzia alasiri, kaeni ndani, msipite barabara za chini, wenye vitu juu ya paa waviteremshe. Basi. Mtu mmoja kauliza, "Mbona leo fupi?" Nikamwambia ndivyo lilivyoandikwa.

Sasa matone ya kwanza yanagonga kiyoyozi. Chini barabarani watoto wa Mmisri wametoka na vijiko na masufuria wanakinga, baba yao anawaita warudi, na kuna gari linapita polepole madirisha wazi, mtu anapaza sauti ya pongezi. Natazama maji yanavyoanza kukusanyika kwenye kona ya jengo. Nimeyafuata kwa macho kama ulivyokuwa ukifanya. Hayana pa kwenda, Idi. Ulisema kweli.

Ukimaliza kusoma, nakuomba usiniandikie Salama. Nipigie. Nitukane kama unataka, nikemee mpaka ukaukiwe na sauti, niulize kwa nini nilikaa kimya kwenye ile majlisi. Nitakuwa macho, simu iko mkononi. Nitasikiliza neno kwa neno, na safari hii sitaongeza lolote.

Dada yako uliyemficha,
Zuhura