Gamba la Karani

Jumatatu, 7 Julai

Baridi. Maji ya bomba yanauma vidole. Uji nusu kikombe, vidonge, kikohozi kilekile. Kisha nikaletewa sanduku la kobe wangu wawili, kama kila asubuhi.

Tarishi anazunguka pembe hadi pembe. Karani amekaa. Majina walipewa na Lazaro, mdogo wangu, aliyewatuma kutoka Iringa kwa basi, ndani ya kikapu, wakiwa hata mwaka hawana. Alifanya kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi hadi akastaafu, na kwake yeye watu wako wa aina mbili tu: makarani wanaokaa na matarishi wanaotembea. Kila kobe anaenea kiganjani.

Sanduku liko dirishani, juani. Kiti changu kiko hapohapo. Dirisha halifunguliwi. Amri ya Tusajigwe, mke wa mwanangu. Kifua changu kiliwahi kunilaza hospitali mwaka jana, hataki kusikia habari za mimi kutoka nje.

Jumatano, 9 Julai

Tarishi hakuzunguka leo. Macho yamevimba, hayafunguki. Puani mapovu. Anainua kichwa, anafungua mdomo, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akaghairi.

Sanduku lilikuwa na vumbi. Nikachovya kidole: pumba za mpunga. Mwanangu yuko Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa, huleta magunia ya pumba kwa ajili ya kuku. Tusajigwe aliona baridi imezidi akawatandikia kobe pia, nene, kama kitanda. Na jioni sanduku huhamia jikoni, kando ya jiko la mkaa. Na chakula ni mkate kwenye maziwa. Yote kwa upendo. Amewalea kama angemlea mtoto mchanga wa Kinyakyusa kwenye baridi ya mwezi wa saba.

Sikumkemea. Nimemwomba magazeti badala ya pumba. Akatoa pumba zote, akapangusa sanduku kwa kitambaa chenye maji ya moto, machozi yanamtoka. Mimi huyu mwalimu wa baiolojia nilikuwa nimekaa kando ya sanduku hilo wiki nzima. Macho yangu hayaoni vumbi tena.

Ijumaa, 11 Julai

Daktari wa mifugo amekuja. Kijana mnyoofu. Alisema mara moja: "Bibi, mimi ni wa ng'ombe na kuku. Kobe nilisoma ukurasa mmoja tu." Lakini alimsikiliza Tarishi kwa makini, akamweka sikioni kama redio. Mapafu. Akatoa dawa ya sindano, tone dogo. Akasema tuwaogeshe wote wawili maji ya vuguvugu kwenye beseni, wanywe.

Kisha akambonyeza Karani mgongoni. Gamba lilibonyea. Kama kifuniko cha plastiki cha kopo la siagi. Nikaona aibu, kana kwamba ni mimi niliyebonyezwa.

"Huyu anahitaji chokaa mwilini, na jua," akasema.

Nikamwambia jua analo, yuko dirishani kutwa. Akaandika tu.

Jumapili, 13 Julai

Mchungaji alikuja baada ya ibada na wazee wawili. Meza ya Bwana hapa hapa kitini. Akaniuliza kama nina amani. Nikasema niko tayari, wakati wowote Bwana akiita. Wazee wakaitikia amina. Tusajigwe akalia kidogo.

Si kweli. Hapa daftarini hakuna wa kumdanganya, kwa hiyo nakiri: siko tayari. Na sababu si wajukuu wala kanisa. Nataka kuona gamba la Karani likikaza. Mwanamke wa umri wangu, na shahada yangu, nimeng'ang'ania dunia kwa sababu ya kobe.

Jumanne, 15 Julai

Tarishi amekufa asubuhi. Shingo ndefu, nje, imelegea. Nimesikitika kupita kiasi.

Nimempigia Lazaro. "Kamwene, dada," akanisalimia. Nikamwambia. Akasema: "Umesomesha nusu ya nchi hii, na tarishi mmoja amekushinda?" Atanitania hivi hivi hadi kaburini, nami humtania hivyo hivyo. Nikamuuliza kama mama wa hawa kobe hajambo. Hajambo, yuko kwenye majani ya mchunga, anakula bila kuomba dua.

Mama yao ni yule yule kobe wa utoto wetu. Hilo ndilo lililonikalisha macho makavu mchana wote.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike basi, hakuna atakayeniambia nimeshasimulia.

Lazaro alizaliwa msimu wa baridi, Iringa, nyumba yetu ya matofali mabichi. Mama alimfunga mablanketi akamweka ndani, kando ya moto, mlango umefungwa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Hakusimama. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde. Mama aliogopa baridi, kisha akaogopa macho ya watu. Akazidi kumficha.

Bibi alikuja kutoka kijijini, akamtoa nje bila kumwomba mtu ruhusa. Akachimba kishimo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, akamsimamisha humo, akamfukia hadi kiunoni. Kila siku, juani. Ndivyo walivyofanya wazee kwa watoto wasiosimama. Nikapewa mimi kazi ya kukaa naye. Nilimfunika kichwa kwa kitambaa, nikamwimbia, nikamlisha ndizi. Alilia hadi sauti ikakauka.

Mjomba akatuletea kobe jike mdogo kutoka Pawaga, azunguke kishimo, mtoto apate cha kutazama. Lazaro akanyamaza. Tukawa tunakwenda kumchumia kobe mchunga pembeni mwa mashamba, mimi na kikapu, Lazaro mgongoni kwangu. Na alipotoka kishimoni akajifunza kutembea akimfuata kobe. Ndiyo kasi pekee aliyoiweza. Kobe akisimama, naye anasimama. Kobe akila, naye anakaa anaonja mchunga, anatema.

Nakiri na hili. Niliolewa vizuri. Nilipata vyeti, watoto, nyumba hii ya mtaa wa Soweto. Hakuna siku kati ya hizo zote iliyofikia zile za kishimoni.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka na jibu. Kioo.

Nilikuwa nafundisha mwenyewe: ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, nayo ndiyo huupelekea mfupa chokaa. Na kioo huzuia sehemu ile ile ya jua inayofanya kazi hiyo. Joto hupita, dawa haipiti. Nilichora mchoro wake ubaoni. Karani amekaa nyuma ya kioo tangu alipofika hapa. Bibi hakuwa na kioo. Alikuwa na mchanga na ukaidi.

Nimemwambia Tusajigwe kobe atoke nje saa za jua kali, asukumwe kivulini akichemka. Akakubali. Nikasema na mimi nitoke kumlinda, kuna paka na kunguru. Akakataa. Akamtoa kobe peke yake. Baada ya muda mfupi akamrudisha ndani, ana nguo za kufua, hawezi kumlinda.

Jumanne, 22 Julai

Tumegombana. Kwa adabu, lakini tumegombana.

"Mama, unataka watu waseme nimekuua kwa baridi?"

Nikasema baridi iko kivulini, juani hakuna. Akasema atamuuliza mume wake. Mwanangu kwenye simu akasema tusubiri mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa! Karani sasa anaburuta miguu ya nyuma.

Nina hasira. Imenipa hamu ya kula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mwanangu amekuja akamchukua Tusajigwe waende Uyole kwenye maonyesho. Waliniachia chai kwenye chupa na jirani wa kuniitikia nikiita.

Sikuita. Nilivaa koti la marehemu mume wangu, nikajifunga blanketi, nikalisukuma sanduku kwa mkongojo sakafuni hadi mlangoni. Nikapumzika. Hadi barazani. Nikapumzika tena. Kiti cha plastiki kilikuwa ukutani, juani.

Nikaketi, Karani miguuni, kwenye udongo. Ngozi ya mikono yangu ilipata moto mzuri, wa zamani. Karani alinyoosha miguu yote minne na shingo, akalala hivyo, bapa, nikadhani amekufa. Hakufa. Alikuwa anaota jua.

Walirudi mapema wakanikuta. Mwanangu akafungua mdomo. Tusajigwe akamshika mkono. Alinitazama uso, akasema, "Mama, una rangi leo." Kisha akaingia ndani kunitafutia kofia.

Alhamisi, 21 Agosti

Kiti hakirudishwi ndani tena. Kinalala barazani. Tusajigwe hututoa wote wawili baada ya umande kukauka, mimi kwanza. Anasaga maganda ya mayai kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, ananyunyizia juu ya mchunga. Mchunga unaota wenyewe ukutani kwa jirani.

Kikohozi kipo. Miguu imevimba. Najua maana yake na naye anajua, hatuzungumzi.

Lazaro ameahidi kuja. Amesema atakuja taratibu, ana mazoea.

Jumanne, 2 Septemba

Kalamu imekuwa nzito, nitaandika kidogo.

Karani amekula. Jani limebaki na alama ya mdomo wake, nusu duara, safi. Nimembonyeza kwa kidole gumba. Gamba bado linabonyea, ila linarudi. Pembeni limekuwa gumu.

Mchungaji atakuja Jumapili. Akiniuliza nitajibu vilevile, kwamba niko tayari, na safari hii karibu iwe kweli.

Leo jua lilichelewa nyuma ya mlima Loleza. Tulilisubiri.