Hataza ya mtego wa babu Saad

Fatu, nimeumbuka! Miaka yote najisifu kuwa babu Saad alinyimwa hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, ya mtego wake wa panya kwa ubaguzi tu. Leo bibi kanipasulia ukweli!

Mwaka wa 1954, babu alitoka Pumwani na kanzu ya Idi hadi ofisi ya hataza. Alitakiwa kupeleka picha za mitego ya zamani ilinganishwe na wake, akachana ukurasa wa katalogi ya duka ya 1931.

Mkaguzi akausoma, kisha AKAUGEUZA. Nyuma, picha ya mtego uleule wa babu, hadi springi!

"Hii umeileta wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana. Mimi mkweli."

Fatu, ALIUGEUZA!

Nyumbani majirani wamejaa, pilau tayari. "Vipi, Saad?"

Babu akajikaza: "Mkaguzi kausifu sana. Kumbe Wazungu wanautumia tangu 1931."