Mwito wa Tatu Kivukoni

Blaen-nant, Wales
Desemba 12

Kaka Gethin mpendwa,

Natumaini kondoo unaowanyoa huko Australia hawakupigi mateke. Huku theluji imewahi, na mbwa wako Taran bado analala langoni akikungoja.

Jana tulikwenda kivukoni kuwakumbuka wanaume wa bonde letu waliouawa zamani wakilizuia jeshi la mfalme wa Waingereza. Mzee Idwal aliita majina ya mashamba kumi na mawili walikotoka. Kabla ya kufika kwetu, manne tu ndiyo yaliyoitikia, "Tupo!"

"Mwakani nitaita kondoo," akasema Mzee Idwal. "Wao angalau hawahamihami."

Watu wakacheka kidogo. Kisha akaita shamba letu, la mwisho, "Blaen-nant!"

Baba alifungua mdomo, sauti isitoke. Mama amenikataza kukuandikia haya, lakini tangu Oktoba Baba amepooza upande wa kulia na hajatamka neno. Mzee Idwal akaita tena, polepole. Unajua shamba likinyamaza hadi mwito wa tatu halitaitwa tena. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

Alipoita mara ya tatu, nilipaza sauti, "Tupo!" Baba akanishika kwa mkono wake mzima, akanibana hadi nikaumia.

Kaka, nimeitikia mbele ya watu wote, na Mama anataka kuuza shamba mwezi wa Machi. Peke yangu siwawezi kondoo mia mbili. Kitanda chako nimekitandika leo asubuhi.

Mdogo wako akupendaye,
Lleucu