Chokaa Juu ya Paa la Mama

Pirgos, Kisiwa cha Tinos,
19 Januari.

Mpendwa kaka Stamatis,

U hali gani, na shemeji Despina na watoto? Joto la Melbourne halijawachosha? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila upepo wa kaskazini umetukalia kooni.

Mama alilazwa kwa nimonia. Ametoka juzi, nipo naye kwangu. Sikukupigia simu kwa sababu ningelia.

Unaukumbuka ule mpako wa kijivu ambao binti yangu Fotini aliuleta kutoka maabara yao tukapaka paa la mama? Jua likichoma, hulitoa joto la nyumba nje. Baridi ikiingia, hubadilika wenyewe ukalizuia joto lisitoke, bila umeme. Majira ya baridi yaliyopita mama alitumia jiko dogo tu, akawaringia majirani kwamba paa lake lina akili kuliko wakwe zao. Ndipo nawe ukaacha kunisumbua tumpeleke nyumba ya kutunzia wazee.

Mwaka huu nyumba ikawa jokofu. Fotini akapanda kuangalia, akashuka na kipande cheupe mkononi. Mama alikuwa amepaka paa zima chokaa juu ya ule mpako, kabla ya Pasaka iliyopita, kama alivyofanya maisha yake yote. Kiangazi hatukugundua, maana chokaa nayo hupoza. Lakini yenyewe haibadiliki. Hata kwenye baridi inalitoa joto tu.

Nilimfokea, kaka. Mtu wa miaka themanini na mbili, juu ya ngazi na ndoo! Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Stamatis si alisema anakuja Pasaka? Ulitaka mwanangu ashuke melini akute paa la mama yake limefubaa kama la mtu asiye na watoto?"

Hukuja, ulisema kazi. Siku ile sikukulaumu, leo nakulaumu.

Daktari ameonya kwamba mama hatahimili baridi nyingine kama hii. Fotini yuko tayari kuibandua chokaa, mama hataki kusikia. Anasema, "Stamatis hajaiona bado."

Basi njoo Pasaka hii. Usibebe zawadi. Panda ngazi, ulitazame paa, umsifu mama yako kwa weupe ule. Kisha unisaidie kuubandua.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama Maria awafunike nyote.

Dada yako, akupendaye hata kwa hasira,
Argiro