Rangi Chini ya Nati

Jumanne, 13 Januari

Dozi themanini zimeharibika. Themanini!

Asubuhi nilizipakia nyumbani Rau, kwenye friji ya gari. Nyuzi nne, maana ililala kwenye umeme wa nyumba, na taa ya kijani inawaka. Himo nikakwama kwa mtamba aliyeshindwa kuzaa, masaa manne. Taa bado ya kijani, sikufungua. Nafika Kilema saa nane — nyuzi kumi na tisa! Chanjo ya mapele ngozi haitakiwi kuvuka nane. Na ugonjwa umeshaingia kata ya chini. Huku juu kila nyumba ina ng'ombe mmoja tu, analetewa majani bandani. Akifa huyo, maziwa kwaheri, ada kwaheri, hata mbolea ya migomba kwaheri.

Basili akaja na spana yake. Shemeji yangu, mdogo wake Wenseslaus mume wangu. Ndiye aliyefunga umeme wa friji mwezi wa kumi na moja. Hata hajainama nikamwambia, mbele ya wafugaji wote, kwamba ni fundi wa kubahatisha, na ng'ombe wakifa wamuulize yeye. Akaniangalia. Akafuta mikono. Akaondoka.

Sijutii.

Jumatano, 14 Januari

Basili hapokei simu. Wenseslaus kasema mezani: usimpigie, panda kwake na jani la sale, ukaombe radhi. Nikamwambia sale hupelekwa na mwenye kosa. Kasema ndiyo — akaendelea na mtori wake! Wanaume wa Kilema hawa.

Fyuzi nzima. Nimeibadilisha hata hivyo. Friji inanguruma sekunde kumi, inakata. Inapumzika. Inajaribu tena, inakata. Taa ya kijani imetulia tu, haina habari.

Ofisi ya mifugo watanipa themanini nyingine, za mwisho mpaka Machi. Lakini nisaini kwanza kwamba friji inafanya kazi. Boksi la barafu hawataki kulisikia, maana kazi ni boma kwa boma kutwa nzima. Wafugaji nimewaahidi Jumamosi. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 15 Januari

Naandika nikiwa kwenye kiti cha Deepak, dukani kwake mjini. Anauza vipuri, alisoma na Wenseslaus. Niliingia na amri: nipe betri mpya, nipe na kompresa mpya. Akacheka. Daktari, akasema, ng'ombe akija anakohoa unampima kwanza au unamchinja kwanza?

Nikanuna. Akatoka nje na mita yake.

Betri: volti 12.6. Nzuri. Kwenye soketi ya friji, friji ikiwa imezimwa: 12.5. Nikasema, unaona, nyaya ziko sawa! Akasema waya usiobeba mzigo hauna la kukuambia. Washa. Kompresa ikaanza — mita ikaporomoka hadi 9.7. Ikakata. Akasema friji haiumwi, inajilinda tu. Inaona kama betri inakufa.

Basi tukawa tunaviziana nayo, sekunde kumi kumi. Akapima njia ya waya mwekundu, kutoka betri hadi friji: umepotea 0.3 tu. Akapima waya mweusi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi: 2.6! Umeme unakwenda vizuri, akasema, unashindwa kurudi nyumbani.

Akachukua waya mrefu, akaunganisha hasi ya friji moja kwa moja na betri. Ikanguruma. Sekunde kumi. Dakika. Dakika tano! Nilipiga kigelegele pale barabarani, mtu mzima na koti langu la kazi. Mzigo mzima umenitoka kifuani. Friji ni nzima!

Halafu tukafuata waya mweusi hadi ulipofungwa. Deepak akafungua nati. Chini yake — rangi. Nyeupe, nzito, inang'aa. Rangi yangu ya Krismasi.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Desemba ndugu wa Dar wanapanda nyumbani Kilema na magari yanayometameta, na mimi sikutaka kuegesha kikweche changu katikati yao. Nikakipeleka kwa fundi wa rangi. Paka hadi ndani ya boneti, nikasema. Akauliza, na hizi nyaya? Nikajibu fungua, paka, rudisha. Akafanya hasa nilivyosema! Wageni walilisifia gari. Friji sikuiwasha tena kwa umeme wa gari mpaka Jumanne. Ile taa ya kijani ilipata umeme wa kuitosha kupitia rangi, kompresa haikupata.

Nilikwangua rangi kwa kisu. Chini yake kuna alama za tupa. Basili alilisugua lile bati mpaka likawa jeupe, duara safi kulizunguka tundu. Mahali ambapo hakuna mtu angeona! Na mimi nimemwita wa kubahatisha. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 16 Januari

Nyuzi nne. Nne. Tano. Nne. Nimesaini. Dozi themanini ziko ndani, chupa nne. Ahueni, jamani!

Jumamosi, 17 Januari

Ng'ombe sitini, chupa tatu. Nyuzi nne mpaka jioni. Miguu haipo, moyo mweupe. Mama Mektrida, mmoja wa wafugaji, kanifungia mkungu wa ndizi, akaninong'oneza kwamba Jumanne nilikuwa mkali kama pilipili. Nikamwambia najua, mama. Nilipaswa kuwaambia wote pale pale kwamba kosa lilikuwa langu. Nikawaambia. Wakacheka, wakanisamehe upesi. Wao sikuwatukana.

Chupa ya nne sijaichanganya. Ni ya upande wa pili wa bonde, kesho baada ya misa. Boma la kwanza upande ule ni la Basili.

Jumapili, 18 Januari

Misa imekwisha. Nimeegesha kwa Basili. Sale nimelikata kwenye ua wa mama mkwe, bichi kabisa, liko mapajani. Ukipelekewa sale husemi hapana, ndivyo tulivyolelewa. Lakini Basili ana njia zake za kunyamaza.

Mary mkewe kanikaribisha, kasema yuko bandani.

Anakuja. Naandika ili nisiwashe gari.

Nimempa shikamoo ya utani, mimi mkubwa kwake! Hakucheka. Nikamwambia yote kupitia dirishani, rangi, kisu, Krismasi. Jani nikalinyanyua. Ameliona. Hakulipokea — amekwenda moja kwa moja mbele, amefungua boneti. Simwoni tena, nasikia tu nati inazunguka.

Anauliza nani amekwangua hapa. Mimi, shemeji. Kwa kitu gani? Kwa kisu. Kasema kisu kinaacha rangi pembeni, friji itakata tena kabla ya Pasaka. Anamwita Mary amletee tupa.

Mary anajibu kutoka jikoni, anakuja.

Mkono wa Basili umetokeza pembeni mwa boneti, kiganja wazi, unasubiri. Friji inanguruma nyuma yangu. Mary bado hajatoka. Ninashuka na jani, nikaliweke kwenye kiganja hicho.