Bwana Shauri Amenyonyoka Manyoya

Mbukwa, Baba, nakuamkia.

Naanza na habari ambayo wewe ungeiuliza kabla ya nyingine yoyote: simbilisi wako yu hai. Anakula, amenenepa, na asubuhi hii amempigia kelele mwinjilisti aliyepita na fungu la majani ya kunde. Habari ya pili kaa vizuri huko uliko ndipo uisikie. Bwana Shauri ni jike.

Ndiyo, Baba. Siku zote zile tulikuwa tukimwita bwana, kumbe ni bibi. Utanisamehe, nacheka huku naandika, na wino umedondoka.

Nakumbuka siku uliyomleta. Daktari wa reli alikuwa anafungasha aondoke, na wale wanyama aliokuwa akiwachoma sindano ndani ya sanduku walikuwa wamebaki wachache. Akakupa mmoja kwa kuwa ulimtunzia bustani vizuri. Ukaja naye kifuani, ndani ya shuka, mtu mzima mwenye mvi. Majirani wakajaa uani. Huyu akasema ni panya aliyekatwa mkia, yule akasema ni sungura aliyenyang'anywa masikio. Ulichukua miiba ukamjengea zizi dogo kama ngoma, lenye mlango wa fito, sawasawa na zizi ulilokuwa nalo zamani kabla sotoka haijamaliza ng'ombe wako wote. Tangu sotoka uliapa hutafuga tena chenye kwato. Huyu hakuwa na kwato, kwa hiyo kiapo kilibaki salama. Jina ulimpa siku ya tatu, kwa sababu kila aliyepita na mzigo alimpigia kelele, kama Bwana Shauri wa boma, yule Mzungu anayetutawala wilayani.

Wacha niseme na hili, maana sikulisema ulipokuwa hai. Nilimwonea wivu. Nilikuwa nakuja kukuamkia na watoto mgongoni, nawe unaniuliza kama nimeona majani mabichi njiani. Ulimpigia mluzi wa wachungaji, na mimi hukunipigia hata mluzi. Na siku ile ya mwisho, ulipoushika mkono wangu, nikainama nikasema moyoni, sasa Baba atanibariki. Ukasema, "Usimpe majani yenye umande." Basi. Ukafumba macho.

Nilimbeba hadi kwangu nikiwa na hasira, Baba. Mume wangu Yohana aliniuliza huyu ataishi wapi, nikamjibu aishi anapotaka.

Mambo yalianza wakati wa kipupwe, tulipokwisha kupura mtama. Manyoya ya mbavuni yakaanza kumtoka. Nikimshika, yanabaki mkononi kama pamba. Baada ya wiki chache pande zote mbili zilikuwa uchi, kulia na kushoto, sawasawa kabisa, kama vile mtu alipima kwa kamba. Kichwani manyoya yapo, mgongoni yapo, ila mbavuni ni ngozi tupu. Na tumbo likaanza kujaa, akawa anakaa kama mtungi. Yohana akasema ni upele. Nikampaka mafuta ya mbarika siku nne. Hayakumsaidia kitu, alikuwa ananiponyoka tu, na uvunguni kwetu kote kukanuka mbarika.

Mama Chiku, jirani yangu mwenye mbuzi, akamwona. Simlaumu sana, kwao nako sotoka ilipita. Alikwenda moja kwa moja kwa akida kusema kwangu, kwa Damari, kuna mnyama wa Wazungu mwenye ugonjwa, na ugonjwa utahamia kwenye mbuzi wa watu. Akida akaja mwenyewe, kanzu nyeupe, na askari mmoja nyuma yake. Unamjua akida wetu, mtu wa pwani, hapendi vumbi wala mzaha.

Akamtazama mnyama, akarudi hatua mbili. "Anaitwaje huyu?"

Mjukuu wako Perisi, ambaye hajaulizwa, akajibu kwa sauti ile anayoimbia kanisani: "Bwana Shauri!"

"Bwana Shauri gani?"

"Huyu. Amenyonyoka manyoya na tumbo limemjaa."

Baba, wewe ulimwona Bwana Shauri wa boma. Unakijua kichwa chake. Unalijua na tumbo lake. Askari aligeukia ukutani akakohoa mpaka mabega yakatikisika. Akida hakucheka. Akasema, "Siku ya baraza, baada ya siku saba, utamleta mnyama huyu achomwe moto mbele ya watu. Na wewe utaeleza nani alimpa jina hilo." Aliposema hivyo alitazama kiboko cha askari, nami nikaelewa.

Walipoondoka niliketi mlangoni. Yohana akaniambia, "Mpeleke tu, mama, yaishe. Ni panya." Nami hasira yote niliyokuwa nayo juu ya mnyama yule ikageuka ikamwelekea Yohana. Nikamwambia, "Si panya. Ni wa Baba." Hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu.

Kesho yake nilimtia kikapuni, nikaenda Nzuguni kwa Bibi Nyemo, yule mama anayezalisha mbuzi. Nilijua sifa zake tu. Sikujua kama mnajuana. Alipofunua kikapu akapiga kelele ya furaha. "Kumbe mtoto wa mzee! Baba yako alikuwa anamleta hapa kila mwezi, nimtazame meno!"

Akampakata. Akampulizia ngozi, akaitazama juani. "Hajikuni?" Nikasema hajikuni. "Hana magaga, hana vidonda. Upele huwasha, na hauchagui pande mbili zilingane. Huyu shida yake iko ndani." Kisha akafumba macho, akaanza kumpapasa tumbo kwa vidole viwili, polepole. Akacheka. "Na nani aliwadanganya kwamba ni dume?"

Akachukua kidole changu akakiweka mwenyewe. Pale, chini ya ubavu wa kushoto, palikuwa na kitu cha mviringo kama jugu, kinabonyea kama kiriba cha maji. Kulia kulikuwa na kingine, kidogo zaidi. Akasema amewahi kukuta vifuko vya maji kama hivyo penye kizazi, katika mbuzi majike waliochinjwa, waliokuwa wakongwe na hawazai. "Nadhani ndivyo hivyo. Lakini sijamfungua, kwa hiyo siapi." Nikamwuliza kama anaweza kuvitoboa. Akakataa. Kwa mbuzi angejaribu. Kwa kiumbe kama huyu sindano moja inaweza kuwa ndiyo mwisho.

Ndipo akaniuliza kama mimi ndiye Damari. Nikaitika. Akaniambia jambo, nami naliandika kama alivyolisema.

Alisema, "Baba yako alikuwa akiketi hapo ulipoketi, anazungumza na mnyama huyu. Anamwuliza: Umeamkaje, mwanangu? Mumeo anakutunza? Watoto wanalala? Nikamwuliza, mzee, simbilisi ana mume? Akasema, najifunza. Damari akija maneno yananikwama. Tangu ng'ombe wafe, kila ninachokipenda naogopa kukitaja."

Baba!

Nilicheka. Nilikuona kabisa, umemkalisha Bwana Shauri gotini, unamwuliza habari za Yohana. Nikacheka mpaka Bibi Nyemo naye akacheka, halafu sikujua kicheko kimeishia wapi na machozi yameanzia wapi. Yeye aliendelea kumkuna mnyama nyuma ya masikio mpaka nilipomaliza.

Kisha akapanga vita. Alinipa mwanambuzi wake mweupe, jike, mwenye manyoya yanayong'aa, akasema, "Walaze zizi moja mpaka siku ya baraza. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, tutauona kwa huyu." Nikafanya hivyo. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wamelala pamoja, simbilisi ameingia chini ya shingo ya mwenzake kujikinga na upepo. Kila siku nilimkagua mwanambuzi mguu kwa mguu. Haukumtoka hata unyoya mmoja.

Siku ya baraza watu walijaa kuliko siku ya kodi. Bibi Nyemo alikuja kwa miguu kutoka Nzuguni na fimbo yake. Akamwambia akida, "Bwana, ninyi mnaogopa ugonjwa, mna haki. Mtazame huyu mwanambuzi, amelala naye siku sita. Sasa leta mkono wako uone ugonjwa ulipo." Akida hakutaka kuonekana mwoga. Alikunja mkono wa kanzu, akanyoosha kidole, akagusa. Bwana Shauri akapiga ile kelele yake, wiiik! Akida akaruka, kofia ikaanguka, na baraza zima likalipuka kwa kicheko. Mama Chiku ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilidhani nimekwisha. Lakini akida aliokota kofia, akaipangusa vumbi, na nikaona masharubu yake yanacheza. Akagusa mara ya pili, safari hii taratibu, akakaa na kidole pale kwa muda.

"Kweli kuna kitu," akasema. "Ni ugonjwa wake mwenyewe. Hachomwi. Lakini jina libadilishwe leo hii."

"Ni jike," nikasema. "Hilo jina halimfai tena."

Tumemwita Mwali. Perisi ndiye aliyechagua.

Nyuma yako hali ni hii, Baba. Kifuko cha kushoto kimepungua, sijui kwa nini, na Bibi Nyemo naye hajui. Kulia kumeota manyoya machache, laini kama ya kifaranga. Yanaweza kuongezeka, yanaweza kutoka tena. Kwa ajili ya baridi nimemshonea joho la kaniki, linafungwa tumboni kwa utepe, na watu wanatoka hadi ng'ambo ya reli kuja kumtazama. Mwanambuzi tulipomrudisha Nzuguni alilia njia nzima, na Mwali alikataa kula, mpaka Bibi Nyemo akaona huruma, mwenyewe akamleta mwanambuzi. Amebaki kwetu. Mama Chiku ameniahidi beberu wake mvua zikianza. Yohana, aliyesema ni panya, ndiye anayewakatia majani.

Sasa nakuaga, kuna mlenda jikoni na watoto wameanza kugombana. Nakuahidi nitamtunza Mwali mpaka siku yake ifike, na siku hiyo nitamleta nimzike miguuni pako. Mchungaji akikataa, nitampeleka Bibi Nyemo akazungumze naye.

Lala salama, Baba. Nilikupenda. Umeona? Nimelitaja neno hilo kwa sauti, humu ndani ya tembe, na paa liko palepale.

Mwanao,
Damari